Namba Niliyoipa Injini ya Sekela

Gari la Sekela Mwakyoma lililetwa kwangu Jumatatu asubuhi juu ya breki dauni, limefunikwa turubai la bluu. Wenyewe waliliita Nyigu, kwa rangi yake ya njano na mistari myeusi. Nilimwambia dereva wa breki dauni aliondoe hilo turubai haraka, hapa ni nyumba ya vipimo, si chumba cha maiti. Akanijibu kwa upole kwamba injini ya mbio ikifa huku Mbeya hufunikwa mpaka mpimaji wake aje kuisemea. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa na miezi minane tu tangu nihamie kwenye baridi hii, na kila wiki nilikuwa nagundua desturi ambayo hakuna aliyejisumbua kunieleza. Nikamwambia haya, mpimaji nimekuja, funua.

Naitwa Mwantumu Shemhilu. Kazi yangu ni kupima nguvu za injini, kisha kuiambia injini yenyewe ina nguvu kiasi gani. Nimeifanya kwa miaka ishirini na moja. Ulimi wangu mkali, sikatai, na nilikuwa na sifa moja niliyoionea fahari kuliko uso wangu: namba ya Mwantumu hairudiwi. Watu wakigombania injini, wakisikia imepimwa na mimi, ugomvi unakwisha wanakwenda kula.

Nyuma ya breki dauni alikuja Ambakisye Mwaisumo, mwenyekiti wa Kamati ya Mbio za Nyanda za Juu, mtu mpana, mstaarabu, anayeuliza habari za nyumbani mpaka unasahau alichokijia. Alipomaliza kuniuliza kama nimeshazoea baridi, akanieleza. Jumamosi, kwenye mbio za kupanda Kitulo, zimebaki kilomita nne kumaliza, injini ya Nyigu ilinoki. Bomba la oili likapasuka, oili ya moto ikapenya ukuta wa mbele na kumuunguza Sekela mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Akalisimamisha gari kwa mikono hiyo hiyo, ukingoni mwa bonde. Injini ikafa kimya.

Kufa kimya ndiko kulikoleta kesi. Injini za siku hizi zina akili yake ndogo, na sheria imezipa maneno matatu ya kumwandikia dereva kwenye kioo: Tayari, Pungufu, Nimechoka. Ikiandika Nimechoka, dereva lazima aondoe mguu, apende asipende. Zamani timu zilikuwa zinakata waya wa neno hilo la tatu ili injini ikimbie mpaka ife, na zilikuwa zikifa na watu ndani yake. Ndiyo maana leo dereva akikutwa ameziba mdomo wa injini anafungiwa maisha. Injini ya Nyigu ilikuwa imekufa bila kuandika Nimechoka hata mara moja. Kwa Ambakisye hakukuwa na la kufikiri zaidi. Sekela ameiziba.

Aliniomba niifungue, niiangalie, halafu Ijumaa niisomee Kamati taarifa. Akaniambia, "Ukisema imezibwa, dada, hatutamwita mtu mwingine. Neno lako linatosha."

Neno langu linatosha. Wallahi nililipenda hilo neno. Nilikwenda nalo mpaka ndani nikaanza kuchagua spana huku natabasamu.

*

Niliipima injini ile wiki tatu kabla ya hapo, na lazima niseme nilivyoipima, maana aibu yangu yote imelala humo.

Siku hiyo uwanja wangu ulijaa watu. Kupima gari la mbio huku ni kama harusi, hakuna anayesubiri kualikwa. Mjini wote hupanda magari ya serikali yanayojiendesha, hayana sauti, hayana harufu, na mtoto anaweza kukua asisikie injini ikiunguruma. Kwa hiyo gari la mbio likipanda kwenye rola, watu hukimbia kuja kusikia. Tuliliweka Nyigu juu ya rola zangu, magurudumu ya nyuma yakakaa sawasawa, tukalifunga mikanda minne, tukalisogezea feni kubwa mbele ya rejeta. Nikasubiri oili ifike nyuzi tisini. Sijawahi kupima injini ya baridi na sitapima.

Sekela mwenyewe alikaa kwenye usukani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mfupi, mkimya, ana tabia ya kuinamisha kichwa akisikiliza injini, sikio moja chini. Nilimwonyesha kidole kimoja, akatia gia ya nne na kukanyaga mpaka mwisho. Rola zikanguruma, mabati ya paa yakatetemeka, mizunguko ikapanda mpaka elfu saba na mia mbili. Tukarudia mara tatu kama taratibu zinavyotaka, kila mara tukiiachia injini ipumue. Wastani wa vipimo vitatu ulikuwa nguvu za farasi mia nne tisini na mbili.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nitaeleza polepole, kwa sababu kosa lenyewe ni jepesi kiasi cha kutia kichefuchefu. Mbeya iko juu, hewa yake nyembamba. Injini inayovuta hewa kwa pumzi yake hapa inatoa nguvu ndogo kuliko ile ile ikiwa Tanga. Ili magari ya mlimani yasidhulumiwe mbele ya magari ya pwani, sheria inatoa fidia ya mlima: unachukua ulichopima, unazidisha kwa kiasi cha hewa iliyokosekana. Mpimaji aliyenitangulia alikuwa mvivu wa hesabu, akizipa injini za huku namba ndogo ndogo, na watu walimchukia kwa hilo. Nilipofika niliapa mbele yao kwamba kila injini itapata haki yake. Wakanipigia makofi. Na mimi, mtu wa pwani niliyekuja kuwapa watu wa mlimani haki yao, kichwa kikavimba.

Lakini kuna injini zenye turbo, yaani feni ya ndani inayosukuma hewa kwa nguvu. Hizo hazina haja ya fidia. Feni yake imewekwa ili zisione mlima. Karatasi ya Nyigu iliandikwa hivyo, mstari wa tano: ina feni. Mstari huo nilikuwa siusomi. Kule Tanga, usawa wa bahari, fidia ni moja. Ukizidisha au usizidishe unapata kile kile, kwa hiyo miaka ishirini macho yangu yaliuruka. Nikaja Mbeya na macho yale yale. Nikazidisha. Mia nne tisini na mbili ikawa mia tano tisini na nane.

Nikaenda mbele ya gari, nikaweka kiganja juu ya boneti, nikaitamka namba kwa sauti kama taratibu zinavyotaka, nikaiandika ndani ya akili ya injini. Kwenye kioo pakaandikwa: Tayari.

Injini haina njia nyingine ya kujijua. Inahisi joto, inahisi mtikisiko, lakini haijui joto lipi ni la kazi yake ya kawaida na lipi ni la kuangamia. Inaijua namba. Chini ya namba yake haiwezi kuandika Nimechoka. Huandika Pungufu na kuongeza bidii. Injini isiyo na feni, ukiipa namba ya pwani, inajipunguzia yenyewe kadiri inavyopanda. Ya feni haijipunguzii kitu. Inaamini ulichoiambia.

Watu wakashangilia. Sekela hakushangilia. Alishuka, akaja karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Hii namba siyo yake. Nimeiendesha miaka miwili. Ikifika mia tano inaanza kuhema."

Ningeweza kuirudia hesabu. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini alisema mbele za watu, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo mbele za watu. Nikageuka, nikapaza sauti ili wa nyuma nao wasikie: "Kuna madereva huogopa namba kubwa, maana wakishindwa hawatakuwa na cha kusingizia. Wewe endesha, kupima niachie mimi."

Uwanja mzima ukacheka. Sekela akainama, akaweka dole gumba lake kwenye cheti, chini ya namba yangu, bila kuniangalia. Niliona hilo. Nikasema moyoni, na ajifunze.

*

Jumanne nilianza kuifungua injini. Nilianza na waya wa neno la tatu, kwa kuwa ndiyo kesi. Ulikuwa mzima, na lakiri ya kiwandani haikuguswa. Nikaguna. Kuna uzibaji wa kisasa unaopitia kwenye akili ya injini bila kuacha alama, nikasema itakuwa huo. Nikafungua silinda hedi. Pistoni ya tatu ilikuwa imetoboka katikati, tundu la kupitisha kidole. Feni ya hewa ilikuwa imekatika shina, mapanga yake yamesagika yakawa unga. Injini ile ilikuwa imejisukuma kupita kiasi ambacho sijawahi kukiona.

Nikaisoma kumbukumbu yake. Tangu chini mpaka kilomita nne za mwisho, mguu wa Sekela ulikuwa robo tatu tu. Alikuwa anaihurumia. Lakini kwenye kioo chake, mlima mzima, injini ilikuwa inaandika Pungufu. Dereva akiona neno hilo anaelewa kwamba injini bado ina akiba, inaomba itumike. Binti aliliona mara kumi, mara ishirini. Zilipobaki kilomita nne akakanyaga mpaka mwisho. Aliamini namba yangu kuliko masikio yake.

Kuanzia hapo injini iliandika Pungufu mara arobaini na moja. Ilikuwa inatoa mia nne tisini, mia tano, mia tano na kumi, inatafuta mia tano tisini na nane, haizioni, inaongeza. Hakuna mtu aliyeipiga wala kuitisha. Ilijiona mvivu. Mara ya arobaini na moja pistoni ikatoboka.

Nilikaa chini kwenye sakafu, na saruji ya Mbeya ni baridi, nikaivuta karatasi ya gari na kusoma mstari wa tano. Ina feni. Nikatafuta cheti nilichokitoa mwenyewe, nikagawa namba yangu kwa fidia, nikapata mia nne tisini na mbili kamili. Nikarudia. Nilirudia mara nne, mimi ambaye namba zangu hazirudiwi. Nimo chumbani peke yangu na nimeona aibu kana kwamba uwanja mzima unanitazama. Wala si aibu ya kukosea, fundi gani hajakosea? Niliona aibu kwa sababu niliambiwa.

Mawazo yaliyonijia baada ya hapo sikuwaambia watu mpaka leo. Niliwakumbuka wengine. Tangu nihamie nilikuwa nimepima magari mengine tisa yenye feni, yote nimeyapa fidia. Yalikuwa yamekimbia bondeni Usangu tu, ambako hakuna mwinuko, ndiyo maana yalikuwa bado mazima. Wiki mbili mbele ilikuwa zamu yao kupanda Kitulo. Hayo lazima yarudi kwangu kabla hayajaua mtu, hilo sikujadiliana na nafsi. Lakini unaweza kuyarudisha magari tisa bila kusema kwa nini. Nikachukua simu nikawaandikia wenye magari wote tisa ujumbe mmoja: kwa sababu ya baridi ya msimu, walete magari yapimwe upya, bure, kabla ya mbio. Ningewapa namba zao za kweli, ningelaumu baridi, wangeondoka wakinishukuru.

Na Sekela? Kwenye taarifa ya Kamati sikuhitaji hata kudanganya. Niliandika: waya ni mzima, hata hivyo zipo njia za kuziba mdomo zisizoacha alama. Kila neno la kweli. Wangesoma, wangemtazama, wangemfungia. Kipimo cha mwanzo, ile mia nne tisini na mbili, kilikuwa ndani ya rola zangu tu, na ufunguo wake ninao mimi.

Nilipomaliza kuandika nikahisi nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonitesa mpaka leo kuliko kosa lenyewe. Nilikwenda kupika wali, nikala, nikashiba.

*

Jumatano, saa nne asubuhi, Sekela alikuja. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka juu ya viwiko, ameinyanyua mbele yake kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba.

Nilidhani amekuja kunikumbusha alichoniambia siku ile. Nilishajiandaa kumkaripia, nakiri. Hakuja kwa hilo. Alisimama mbali kidogo na injini iliyofunguliwa, hakutaka kuitazama, akaniambia anataka kuniuliza jambo moja kwa sababu mimi najua injini kuliko watu wote huku. Alisema ameapa kwa baba yake kwamba hakuiziba. Lakini siku mbili kabla ya mbio alikuwa amesafisha kioo na plagi za nyuma yake kwa mkono wake. Je, inawezekana aligusa kitu bila kujua? Hakulala tangu Jumamosi, anajiuliza aligusa nini.

Nikamwambia akae. Ndicho nilichokiweza. Nikamwekea chai, kisha nikaona hawezi kushika kikombe, nikakishika mimi, nikampelekea mdomoni. Alikuwa anakunywa taratibu, ananitazama kwa macho ya shukrani, na kila funda alilomeza roho ilinisuta. Mdomo wangu ulikuwa umbali wa shubiri moja na sikio lake. Ningesema tu: binti yangu, hukugusa kitu. Maneno manne.

Badala yake nilimwambia, "Kazi ya injini haina uhakika mpaka mwisho. Ngoja Ijumaa."

Akasema sawa mama. Akaongeza kwamba kama nitakuta ni kosa lake, nisimfiche, angependa alisikie kutoka kwangu kuliko kwa Ambakisye. Nikamfungulia mlango, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamfunga vizuri mtandio wake maana upepo ulikuwa mkali. Watu waliopita walituona. Bila shaka walisema Bi Mwantumu ana ulimi tu, moyo wake mzuri.

*

Ijumaa ukumbi wa Kamati pale Uyole ulijaa mpaka madirishani. Wenye magari tisa walikuwepo, madereva walikuwepo, timu ya Sekela ilikaa pamoja kama wafiwa. Taarifa yangu ilikuwa kwenye bahasha, mapajani. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kijani la sikukuu. Nilijivalisha vizuri kwenda kumzika mtu angali hai.

Ambakisye alifungua kikao kwa kuwasifu watu kwa utulivu. Akasema kabla mpimaji hajasoma, mtuhumiwa ana haki ya kusema. Sekela akasimama. Alisema hakuiziba injini. Alisema zilipobaki kilomita nne alikanyaga mpaka mwisho, kwa sababu kioo kilikuwa kinaandika Pungufu, na akaona haya kumaliza mbio na akiba tumboni. Kisha akanigeukia mimi.

"Na nataka nimwombe radhi Bi Mwantumu mbele yenu," akasema. "Siku ya kupima nilimwambia namba ni kubwa. Nilikosa adabu. Injini yenyewe ilisema mpaka mwisho kwamba ni pungufu, kwa hiyo namba ilikuwa sahihi, mimi ndiye nilikuwa sijui kuiendesha."

Watu wakaguna kwa huruma. Mama mmoja mbele yangu akasema masikini, ana heshima huyu mtoto.

Jamani, kuna aibu ya kutamani ardhi ipasuke ikumeze, hiyo naijua, nimeshaionja. Hii haikuwa hiyo. Ukweli ulikuwa wa kwake. Aliuokota kwa masikio yake mwenyewe siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote, na mimi nilikuwa nimemfanya asimame na mikono iliyoungua auombee msamaha. Nikaona nikinyamaza sasa hivi sitakuwa na uso wa kuutazama hata kwenye kioo cha gari.

Nilisimama kabla Ambakisye hajaniita. Bahasha ikaanguka, sikuiokota. Nikasema kwamba injini ya Nyigu ina farasi mia nne tisini na mbili.

Ambakisye akatabasamu kidogo, akidhani nimechanganya, akanikumbusha kwa upole kwamba cheti kinasema mia tano tisini na nane.

Nikamwambia cheti ndicho kilichoiua. Nikaeleza yote: feni, fidia, mstari wa tano, Pungufu arobaini na moja, na kwa nini injini ile isingeweza kuandika Nimechoka hata kama ingetaka, kwa kuwa mimi niliiambia ina nguvu ambazo haina. Nikasema waya ni mzima na hakuna aliyeuziba. Nikasema pia kwamba Sekela aliniambia na nilimcheka, na mlionisikia mkacheka nami mpo humu. Sauti yangu ilikuwa inapanda kama nagombana na mtu, ndivyo nilivyo, hata kukiri najua kukiri kwa ukali tu. Nilipomaliza nikabaki nimesimama, sijui mikono niiweke wapi.

Ambakisye alikuwa anatazama meza. Najua alichokuwa anakihesabu kichwani: wapwani watasema nini wakisikia, na magari mangapi ya mlimani yatashushwa daraja. Akavua miwani, akasema kwa huzuni kwamba Sekela Mwakyoma hana kosa, leseni yake inabaki, na mimi nikabidhi ufunguo wa rola kabla jua halijazama. Hakuniita dada.

Watu wakaanza kuinuka. Hapo mmoja wa wenye magari tisa, mzee mwembamba anayeitwa Gwakisa, akainua simu yake juu na kuniuliza kutoka nyuma: kwa hiyo ule ujumbe wa baridi ya msimu, tulete magari upya, ulikuwa ni kwa ajili ya hili? Nikajibu ndiyo. Akatikisa kichwa, akatoka, na wenzake wakamfuata.

Nilibaki kwenye benchi. Timu ya Sekela ilikuwa inamkumbatia kwa uangalifu, wanakwepa mikono yake. Kisha akajitenga nao, akaja. Sikujua nitegemee nini. Kusema kweli, nilikuwa nimeshaanza kujisikia mwepesi, na kuna kipande changu kilichotaka anishukuru. Nimeeleza yote, sipendi kujipunguzia.

Alisimama mbele yangu, kichwa ameinamisha upande, sikio moja chini, kama alivyokuwa akiisikiliza injini.

"Ujumbe wa Mzee Gwakisa," akasema, "uliutuma lini?"

"Jumanne."

Akafikiri kidogo. Uso wake haukubadilika sana.

"Mimi nilikuja kwako Jumatano," akasema.

Alisubiri. Alinipa nafasi ya kutosha, nadhani alitamani kwa dhati niwe na jibu. Akageuka, akatembea mpaka mlangoni, akasimama kwa sababu mikono yake ilikuwa haiwezi kushika kitasa. Nilikuwa karibu na mlango ule kuliko mtu yeyote. Akamwita mlinzi aje amfungulie.